Niliagiza modeli za vifaru Type 59 za JWTZ, nimeuziwa T-55 za Amin. Nataka hela yangu

Wakuu, salaam.

Wiki tatu nimejaribu kuyamaliza haya na mhusika kimyakimya. Tangu Jumatatu simu hapokei, na ujumbe anausoma halafu ananyamaza. Nimechoka. Jina lake silitaji, ila akipita hapa atajijua.

Mimi na wenzangu wanne tunacheza michezo ya vita ya mezani. Unajenga modeli ndogo, unazipaka rangi, unatengeneza uwanja, halafu mnapigana kwa rula na dadu. Wengi duniani wanacheza Wajerumani na Warusi wa 1943. Sisi tuliamua kucheza vita yetu, ya Kagera, 1978 hadi 1979. Meza yetu ina urefu wa mita mbili na nusu, na kwa sasa inaonyesha Lukaya, mji wa Uganda kulikopiganwa katika vita hiyo: barabara inayokatiza kinamasi, mafunjo tumeyatengeneza kwa nyuzi za brashi ya kufagilia. Mwenzetu mmoja ana jeshi la Uganda, vifaru vyake vya T-55 na kimoja cha Sherman, kwa sababu Amin alikuwa na aina zote mbili. Mimi nina Tanzania. Na Tanzania ilikwenda na Type 59 ya Kichina.

Kwa hiyo nikaagiza Type 59 tatu kwa jamaa mmoja wa hapahapa Dar mwenye printa ya resini, yaani inayochapisha modeli kwa plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Kipimo 1/72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko kifaru chenyewe. Nilimwandikia mara mbili, tena kwa herufi kubwa: TYPE 59, SI T-55. Akajibu "poa bosi, nimekusoma". Laki na themanini nikalipa yote kabla, muamala ninao.

Mzigo uliletwa na bodaboda, umefungwa vizuri. Kwa macho ya haraka vifaru vilipendeza. Type 59 ni nakala ya T-54A ya Kisovieti, na T-55 ilitokana na hiyohiyo T-54, kwa hiyo zinafanana kama ndugu: magurudumu matano kila upande, nafasi pana kati ya gurudumu la kwanza na la pili, mzinga wa milimita 100. Nikakaa nikaanza kukata vile vijiti vya kushikilia vinavyobaki baada ya kuchapisha, nikapiga msasa. Usiku wa kwanza sikugundua kitu, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Aliyegundua ni baba mdogo. Alikuwa kwenye vifaru vyetu 1979, mpakiaji wa mzinga, akafika na kifaru chake mpaka Kampala. Alikuja Jumapili kutusalimia, nikamwekea kimoja kiganjani. Akavaa miwani, akakigeuza. Akapitisha kucha juu ya kile kichwa kinachozunguka, upande wa kulia, mbele kidogo ya mfuniko wa mpakiaji. Akarudia tena mahali palepale. Akasema, "Feni yangu iko wapi?"

Wakuu, nilihisi damu inashuka.

T-54 na Type 59 zina kinundu cha mviringo pale juu, kama punje ya dengu kwa kipimo chetu. Ni kifuniko cha feni inayovuta moshi wa baruti. T-55 haina. Hiyo ni alama ya kwanza anayofundishwa yeyote anayetaka kuzitofautisha. Ya pili: Type 59 ina bunduki ya rashasha ya milimita 12.7 kwenye mfuniko wa mpakiaji, ya kupiga ndege, wakati T-55 za mwanzo zilitoka kiwandani bila hiyo bunduki. Vyangu vyote vitatu havina kinundu, havina bunduki, wala hata kitako cha kuifungia. Ni T-55 tupu. Yaani nimelipia kikosi cha adui.

Mzee alikirudisha mezani taratibu. "Hiki si chetu," akasema, akaomba chai. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba nitampa kimoja akakiweke kabatini kwake.

Nikampigia muuzaji siku hiyohiyo, kwa adabu kabisa. Jibu lake nalinukuu kama alivyolitamka: "Bosi, kifaru ni kifaru tu, mezani nani ataona?" Mimi ndiye nitaona! Mwenzangu mwenye jeshi la Uganda ataona. Mzee aliyekaa ndani ya hicho chuma ameona kwa kucha! Ukimwambia muuza spea unataka ya gari fulani akakupa ya gari jingine, atakujibu spea ni spea?

Nikajisemea basi, kinundu nitakifinyanga kwa putini, bunduki nitaitengeneza kwa waya. Nilikuwa tayari kumeza hasara. Hapo ndipo mengine yakafumuka.

Kifaru cha pili kilikuwa na minyororo miwili ya upande mmoja. Vipande vya minyororo na magurudumu huja viwili, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu meno ya kuendesha yako nyuma na ile nafasi pana iko mbele. Nilipojaribisha kushoto kabla ya gundi, meno yalikwenda mbele na nafasi ikaenda nyuma. Ni wa kulia, na mwenzake pia wa kulia. Sasa mtu anapakia mzigo bila hata kulinganisha vipande viwili?

Nikapima na ukubwa. Bodi ya Type 59 ina urefu wa mita 6.04 na upana wa mita 3.27. Kwa 1/72 unatakiwa upate karibu milimita 84 kwa 45. Vyangu vina 79 na kidogo kwa 43. Hiyo ni 1/76, si 1/72. Ukiviweka pembeni ya T-55 za mwenzangu vinaonekana watoto.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu ni resini yenyewe, na hapa naomba mnisome kwa makini, hasa wenye watoto nyumbani.

Kitu kilichochapishwa kwa resini kinatoka kwenye printa kikiwa bado kinanata. Lazima kioshwe kwa spiriti, kikauke, halafu kianikwe kwenye taa ya urujuanimno au jua mpaka kiive. Kama kina uwazi ndani, lazima kitobolewe tundu chini ili resini mbichi itoke. Vyangu havikutobolewa popote. Nilipuliza praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwenye kifaru cha kwanza, nikakiacha. Kesho yake asubuhi bado kinanata. Kesho kutwa bado, alama ya kidole changu imebaki ubavuni. Muuzaji akaniambia kosa ni langu, nimepuliza wakati wa masika, hewa ina unyevu.

Unyevu naujua. Mimi napaka rangi Dar es Salaam, najua praima ikipulizwa siku ya mvua inatoka chengachenga kama mchanga. Ndiyo maana kila ninapopuliza nafanya majaribio kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko cha siku hiyo, kopo lilelile, dakika ileile, kilikauka ndani ya nusu saa na kiko laini mpaka leo. Picha yake nilimtumia, hakuijibu.

Siku ya nne ufa ukatokea chini ya bodi, mwembamba kama unywele, na maji mazito ya njano yakaanza kuchuruzika. Resini mbichi. Ilikuwa imefungiwa mle ndani muda wote. Nilikuwa nimekishika mikono mitupu siku tatu nikipiga msasa. Vidole viwili vimetoka vipele na ngozi inabanduka, nimeambiwa niache kabisa kugusa resini kwa sasa. Na mpwa wangu wa miaka sita siku hiyo asubuhi alikuwa anakisukuma kifaru hichohicho juu ya kochi huku akitoa mlio wa injini kwa mdomo. Nikifikiria kwamba angeweza kukitia mdomoni, usingizi unaruka.

Hili halihusu tena nani anajua historia ya vifaru. Mtu anauza kemikali mbichi ndani ya kitu ambacho mtoto yeyote ataona ni cha kuchezea, na hata onyo hakuandika. Kuosha na kuanika ni kazi ya dakika chache. Kutoboa tundu ni kazi ya sekunde kwenye kompyuta kabla ya kuchapisha. Anaziruka kwa sababu wateja ni wachache na anaamini tutanyamaza.

Mliowahi kununua modeli za resini hapa mjini, zigeuzeni leo muangalie chini. Kama haina tundu na ni nyepesi, ina uwazi, itoeni sebuleni. Msiikate bila glavu na barakoa, na msiipige msasa ikiwa kavu, ilowesheni kwanza. Na kama kuna mwenye Type 59 ya plastiki ya 1/72, hata moja, hata iliyojengwa nusu, anitumie ujumbe, nitainunua. Nina mzee anasubiri.

Na wewe muuzaji: sitaki ubadilishe, sitaki punguzo la safari ijayo. Nataka laki na themanini yangu irudi kwa namba ileile iliyokulipa. Vifaru vyako vitatu viko kwenye ndoo yenye mfuniko, nje ya nyumba. Rudisha hela, halafu tuma bodaboda avichukue, mwambie aje na glavu.