Mwenye kifafa amwambie mchumba mapema au akae kimya?

Wakuu naomba tujadili hili bila matusi. Binti wa kwetu ana kifafa tangu mdogo, anameza dawa kila siku na huu mwaka wa tatu hajaanguka. Kapata mchumba, mambo yameshafika mbali, na hajamwambia. Vidonge kavihamishia kwenye kopo la vitamini ili asishtukiwe. Mama anasema nyamaza mpaka uolewe, mimi nasema aseme sasa hivi kabla ya posa maana siku akianguka mbele ya jamaa hatajua ashike wapi, halafu ataona kadanganywa. Nyie mnaonaje?

— Rahisi kwako kusema maana anayeanguka sio wewe. Mimi nilisema ukweli mara mbili na zote nikaachwa, wa pili hata hakuaga, dada yake ndo akanipigia eti kwetu kuna laana gani. Sasa hapo nikinyamaza kwa wa tatu mtaniita mwongo?

— Laana ndo nini jamani, huu ni ugonjwa wa ubongo. Unaweza kuja kwa kuumia kichwa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kupanda kichwani, hata minyoo ya tegu ikifika kwenye ubongo. Na hauambukizi, lile povu ni mate tu. WHO wanasema wapo kama milioni 50 duniani na mpaka asilimia 70 wanaweza kukaa bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Ila nilishaona mtu kaanguka kwenye foleni, wengine wanarekodi na simu, mmoja akamkomalia na kijiko mdomoni mpaka jino likang'oka! Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, ikipita dakika 5 tafuta msaada wa hospitali. Basi.

— Na msidhani ni ushamba wetu tu, Uingereza sheria iliyoruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa ilibadilishwa 1971, juzi tu hapo.

— Mimi namtetea mchumba. Sio kwa sababu ya aibu, ni kwamba kuna dawa za kifafa kama valproate zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hiyo ni mipango ya watu wawili na daktari, utaipangaje kwa siri?

— Afadhali kifafa. Kaka yangu aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alishapona anafanya kazi, lakini akikasirika kidogo tu, hata kama kaibiwa hela yake, nyumba nzima inamgeukia: "umemeza dawa leo?" Hana tena haki ya kununa. Ndo maana nikiulizwa aseme au asiseme nakosa jibu.

— Mleta mada hapa. Nimemsomea mama yote haya, kasikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza, "Huyo mchumba akikimbia, hao waliokuandikia watakuja kuoa wao?"