Mrejesho: ile programu iliyonifutia picha zote
Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini niliandika amri --futa tu, programu huria ikafuta folda nzima ya picha za harusi ya Chumbageni, Tanga. Ni kweli mlivyosema, argparse, ile sehemu ya lugha ya Python inayosoma opsheni unazoiandikia programu, ukiiandikia opsheni nusu inaimalizia yenyewe kama hakuna nyingine inayofanana, kwa hiyo --futa ikawa --futa-zote, aisee niliishiwa nguvu. Nimeweka allow_abbrev=False ya kuzima huko kumalizia, ipo tangu Python 3.5, ila kabla ya 3.8 inazuia hadi kuunganisha opsheni za herufi moja kama -vv (yaani -v -v), angalieni hapo. Kwenye --help, yaani maelezo ya jinsi ya kuitumia programu, palikuwa na mstari mmoja mkavu, nimeongeza onyo na mfano kamili, mwenye programu kapokea jana. Picha bi harusi alikuwa na nakala, nimezifuata Ngamiani. Asanteni sana.