NT-proBNP kupanda kwa mgonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio

Swali: Wakubwa, shikamooni. Mama ana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na NT-proBNP yake (kipimo cha damu kinachoonyesha moyo unavyoelemewa) imepita kikomo cha 125, ingawa picha ya eko (ya mawimbi ya sauti) imeonyesha moyo unasukuma damu vizuri. Je, moyo umeshindwa kazi?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kujikaza, shinikizo ndani yake hupanda, kuta hutanuka, na seli zake humwaga homoni za ANP na BNP, zinazozihimiza figo kutoa chumvi na maji. NT-proBNP ni kipande kinachobaki BNP inapotengenezwa. Kwa sababu ya homoni hizo, baadhi ya wagonjwa hukojoa sana mapigo yanapoenda mbio ghafla. Mapigo yakirejea katika mpangilio, mara nyingi kiwango hushuka.

Jibu: Naongezea kwamba umri mkubwa na figo dhaifu navyo hukipandisha kipimo hicho, kwa hiyo mwulize daktari kuhusu kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo.

Jibu: Je, TSH (homoni inayoiongoza tezi ya thairoidi) imepimwa? Hapo mambo huenda kinyume: homoni za tezi ya thairoidi zikizidi, zenyewe ndizo huvuruga mapigo, na kipimo hicho kisirukwe.