Kompyuta ya mezani inajiwasha yenyewe usiku, naombeni msaada

Mwenye uzi
Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, nimekaa nayo miaka sita bila shida ya maana. Sasa ni wiki ya pili inajiwasha yenyewe. Jioni naizima vizuri tu, kioo kinakuwa cheusi, feni zinasimama, taa ya mbele inazimika. Usiku wa manane nashtuka feni zinavuma na mwanga wa kioo umejaa ukutani. Jana ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku, juzi saa kumi na moja alfajiri. Siku moja ilijiwasha mchana kweupe, nimekaa pembeni yake na sijagusa kitu.

Nimewaza kirusi, nimewaza mtu anaingia kutoka mbali. Nimeikagua kwa programu mbili za kuzuia virusi, zote zinasema iko safi. Humo ndani kuna kazi zangu za miaka mingi na sina nakala nyingine. Nilitaka nifute kila kitu niweke Windows upya, lakini nimeona niulize kwanza.

Bisibisi
Mkuu, usifute kitu. Na kabla hujasoma mstari unaofuata, tafuta diski ya nje unakili kazi zako. Leo, si kesho.

Kuhusu kirusi, punguza hofu. Mashine ikishazimwa kabisa hakuna programu inayotembea humo, iwe nzuri au mbaya. Kinachoiwasha ni ishara ya umeme inayofika kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Wengi hawajui kwamba kompyuta iliyozimwa bado ina umeme: maadamu waya uko ukutani, pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri. Bila hizo hata kitufe chako kisingefanya kazi. Ukikibonyeza, pini mbili kwenye madabodi zinagusana kwa muda mfupi, basi madabodi inaiambia pawa saplai iamke. Chochote kinachoweza kuigiza mguso huo, au kutuma ishara inayofanana nao, kitaiwasha mashine.

Nijibu haya: unaizima au unailaza? Umeme hukatika na kurudi hapo ulipo? Na ikishajiwasha, inafika hadi Windows?

Kimya Kingi
Niongezee hapo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /lastwake`. Itakuonyesha nini kiliiamsha mara ya mwisho. Kisha `powercfg /waketimers` ikuonyeshe kama kuna programu iliyotega saa ya kuiamsha, na `powercfg /devicequery wake_armed` ikutajie vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Mara nyingi ni kipanya au kadi ya mtandao. Mimi kipanya changu kilikuwa kinaiamsha kila lori likipita, meza ikitikisika kidogo tu.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Kazi nimeshanakili, nimemaliza sasa hivi.

Naizima, silazi. Umeme haujakatika, maana nina saa ya mezani inayotumia umeme wa ukutani, ukikatika inarudi sifuri na kuanza kupepesa, na haijafanya hivyo. Ikijiwasha inafika Windows hadi pale pa kuweka nywila.

Amri ya kwanza imeleta sifuri, haina historia yoyote ya kuamshwa. Ya pili inasema hakuna saa iliyotegwa. Ya tatu imetaja kibodi, kipanya na kadi ya mtandao.

Kimya Kingi
Hiyo sifuri ni habari nzuri. Maana yake mashine haikuwa usingizini ikaamshwa, imewashwa kutoka kwenye kuzimwa. Hakikisha kwa njia nyingine: fungua kumbukumbu za matukio za Windows, upande wa mfumo. Ukiona chanzo Power-Troubleshooter kwenye saa ile, iliamka usingizini. Ukiona Kernel-General namba 12, mfumo ulianza upya kabisa.

Mwenye uzi
Ni Kernel-General namba 12, kila mara. Saa zinalingana kabisa na zile nilizoandika kwenye karatasi.

Dada wa Mitambo
Basi tutoke Windows tuingie BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Angalia mistari mitatu: RTC Alarm, Wake on LAN, na Restore on AC Power Loss. Wa kwanza ni saa ya kuiwasha kila siku. Wa pili unairuhusu kadi ya mtandao iiwashe ikipokea pakiti maalumu yenye anwani ya kadi hiyo imerudiwa mara 16. Wa tatu unaamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, na ukiwa kwenye Power On itajiwasha hata kama umeme umeyumba sekunde moja tu. Zima yote. Kukiwa na mstari wa kuwasha kwa kibodi au kipanya, zima pia. Halafu usiku wa leo chomoa kebo ya mtandao ulale hivyohivyo.

Mwenye uzi
Nimefanya yote, kebo ya mtandao iko sakafuni, kibodi na kipanya nimechomoa pia. Imejiwasha saa tisa usiku. Nimechoka jamani, sasa hivi nachomoa waya wa ukutani kila nikienda kulala.

Nguvu Mpya
Hiyo pawa saplai imezeeka mkuu. Miaka sita mingi. Nunua nyingine, utalala.

Bisibisi
Inawezekana, lakini asinunue kitu kabla ya kupima. Amefunga milango yote ya programu, ya BIOS na ya vifaa vya nje. Kilichobaki ni kitufe, pawa saplai au madabodi, na kitufe ndicho kinachopimwa bila gharama yoyote.

Mkuu, fanya hivi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha. Kwenye kona ya chini ya madabodi utaona nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha, mmoja umeandikwa POWER SW. Piga picha kwanza, kisha uchomoe huo peke yake. Rudisha umeme. Kuiwasha, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, basi. Volti ni ndogo, haikudhuru, ila usiteleze ukagusa pini za jirani. Pawa saplai yenyewe usiifungue kabisa, ndani yake umeme hubaki hata ikiwa imechomolewa.

Izime, iache hivyo usiku kadhaa waya ukiwa ukutani. Ikijiwasha bila kitufe, nitakubaliana na Nguvu Mpya. Ikitulia, umempata mwizi.

Mwenye uzi
Usiku wa nne leo. Kimya.

Nimetoa sehemu ya mbele ya kasha niangalie kitufe. Ukikibonyeza kinazama, halafu kinarudi polepole, na upande mmoja kinabaki chini kidogo kama kimenatwa. Nyuma yake kuna kiswichi kidogo chenye miguu miwili, na mguu mmoja una kutu ya kijani mpaka kwenye waya. Nimekitikisa kwa kidole huku kikiwa kimerudishwa kwenye madabodi, mashine ikawaka mbele ya macho yangu. Nilisimama pale naiangalia kama dakika nzima.

Dada wa Mitambo
Hongera! Na huna haja ya kununua kitufe. Chukua waya wa RESET SW, ule wa kitufe kidogo cha kuanzisha upya, uchomeke kwenye pini za POWER SW. Viswichi hivyo viwili vinafanya kazi ileile. Kuanzia leo unawashia kitufe kidogo.

Mwenye uzi
Nimefanya, inafanya kazi vizuri kabisa. Mungu awabariki nyote, na Bisibisi hasa kwa lile neno la kunakili kazi. Ningefuta kila kitu kwa sababu ya kutu.

Mgeni Hapa
Samahani kuingilia. Yangu huwa naiacha imelala, na inaamka kila siku saa nane usiku kamili. Nifungue kasha na mimi?

Kimya Kingi
Hapana, ndugu. Kutu haina saa. Windows hupangiwa matengenezo yake ya kila siku saa nane usiku, na huruhusiwa kuiamsha mashine iliyolala. Nenda kwenye mipangilio ya matengenezo hayo, ondoa tiki ya ruhusa ya kuamsha, kisha kwenye mpango wa umeme zima ruhusa ya saa za kuamsha. Ikiendelea, endesha `powercfg /lastwake` asubuhi kabla hujaizima, utuletee majibu.