Lamu: watalii wapigwe marufuku kupanda punda?

Mwanashela: Wapigwe. Punda wetu mzima ana kilo 120 hadi 150, na mzigo haufai kupita theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Mgeni wa kilo 85 anayeketishwa juu yake bila soji, yaani tandiko la punda, anamkalia uti wa mgongo moja kwa moja. Watoto wapande, wazima watembee. Mji wenyewe ni vichochoro, unakwenda wapi hata ukahitaji kupanda?

Mpakizi: Sawa, lakini mnamtazama mgeni kwa sababu ndiye anayeonekana pichani. Huyo hupanda kidogo tu, akashuka. Nyumba za wageni na mahoteli ya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, yanajengwa kwa mawe, mchanga na saruji, na kutoka gatini mpaka kwenye ujenzi vyote hivyo hubebwa na punda. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mmoja hausawaziki: ukiuweka ubavuni, soji inapinduka, ukiulaza juu, unakandamiza uti. Ndiyo maana vijana hupakia miwili. Kilo 100! Huo nao ni utalii.

Daktari wa mifugo: Mpakizi kagusa penyewe. Vidonda vingi havitokani na uzito peke yake, ni msuguano. Soji iwe na mito miwili minene iliyojazwa makumbi laini, na katikati ibaki nafasi, isiguse uti. Gunia moja lililokunjwa likilowa jasho na mchanga hugeuka msasa, na kamba ya nailoni chini ya mkia hukata ngozi. Nywele nyeupe mgongoni ni kovu la kidonda cha zamani.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na punda apumzishwe mpaka ngozi ifunge. Oili chafu ya injini ni sumu, acheni kuipaka. Kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo hapo hapo mjini na hutibu bure, kwa hiyo umaskini si kisingizio.

Mwanashela: Na mbio za punda za Maulidi? Au hizo tusiziguse kwa kuwa ni zetu?

Daktari wa mifugo: Ziguswe. Asikimbizwe punda wa chini ya miaka minne, mifupa haijakomaa. Meno ya mbele yatakuambia umri. Na asiruhusiwe mpanda mwenye kijiti chenye ncha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kupiga kikatili na kupakia kupita kiasi. Haitaji mtalii wala mkandarasi, inamhusu yeyote.

Mpakizi: Basi saruji igawanywe gatini, kilo 25 kila upande, mfuko mmoja kwa punda mmoja. Safari zitakuwa mara mbili. Mwenye hoteli aandike gharama hiyo kwenye mkataba, maana kijana anayelipwa kwa mfuko hawezi kuibeba yeye.

Mwanashela: Hapo nakubali. Ila marufuku ya wapandaji wazima bado naitaka.