Mjadala: Je, mbunge aliye madarakani aongoze klabu? Tumtazame Rage

Wadau, kila uchaguzi wa Simba unapokaribia, hoja ni ileile: wanasiasa waiache klabu. Mimi nasema hoja hiyo inakosea shabaha, na mfano wangu ni Ismail Aden Rage.

Rage hakudandia soka kutoka kwenye siasa. Kabla ya ubunge alishakuwa Katibu Mkuu wa FAT, chama cha soka nchini kabla ya TFF. Mwaka 2010 akachaguliwa mwenyekiti wa Simba, na mwaka huohuo akawa mbunge wa Tabora Mjini kwa tiketi ya CCM. Tarehe 6 Mei 2012 tukamfunga Yanga 5-0 na kombe likawa letu. Anayetaka kumhukumu asiifute siku hiyo.

Lakini fuateni yaliyokuja baadaye. Januari 2013 mshambuliaji wetu Emmanuel Okwi aliuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Pesa haikuja. Okwi akarudi Uganda kuchezea SC Villa, na Desemba akavaa jezi ya Yanga, sisi bado tunadai! Iliuma, na bado inaniuma. Novemba mwaka huo kamati ya utendaji ikatangaza kumsimamisha mwenyekiti, shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mwenyekiti halali. Klabu ikabaki na viongozi wasioelewana.

Sisemi ubunge ndio uliokula pesa za Okwi. Nasema deni kama lile lilihitaji mtu wa kulifuatilia kila siku. Tangu 2013 Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, na hapo ndipo ligi inapoamuliwa na mikataba inapokwisha. Mbunge ana Dodoma, ana wapiga kura Tabora, halafu ana Msimbazi, makao ya Simba Dar es Salaam. Nani anapata mabaki?

Kuna watakaosema mbunge ana milango ya serikalini inayofunguka. Ni kweli. Ila milango hiyo haifungwi siku ubunge unapoisha. Murtaza Mangungu alikuwa mbunge wa Kilwa Kaskazini katika Bunge lilelile la Rage, na uenyekiti wa Simba aliupata 2021, akiwa ameshatoka bungeni. Mlaumuni kwa mengine, lakini hagawanyiki hivyo.

Kwa hiyo napendekeza katiba ya klabu iseme wazi: mbunge au waziri aliye madarakani asigombee uenyekiti, aliyestaafu aruhusiwe. Anayepinga aniambie, deni la Okwi lingefuatiliwaje kutoka Dodoma?