Fimbo za gofu msimu ukiisha: kuosha gripu au kubadilisha? Na kutu ya weji?

ShimoLa18: Wakuu, fimbo zangu zitakaa miezi kadhaa bila kuguswa. Gripu (mpira wa kushikia fimbo) zinateleza: nizioshe tu au nivishe mpya? Na weji (fimbo za mipigo mifupi ya kuinua mpira) zenye kutu, nitumie siki au mafuta yanatosha?

FundiFimbo: Osha kwanza, ndipo uamue. Maji ya vuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, mswaki laini. Futa povu kwa kitambaa chenye maji, kausha kwa taulo, ziache hadi kesho yake. Utelezi mwingi ni jasho na mafuta ya ngozi, na hayo sabuni inayatoa. Zikikauka, tazama pale kidole gumba kinapokaa: kama bado panang'aa, au ukibinya mpira ni mgumu na una mipasuko midogo, hiyo gripu imekwisha.

Mchangani: Kuna njia ya katikati: msasa laini. Pitisha kidogo tu pale panapong'aa, inashika tena.

FundiFimbo: @Mchangani kweli, ila unakula michoro ya gripu, na mpira uliokwisha kukakamaa haulainiki kwa msasa. Hapo badilisha. Mpini wa grafaiti (nyuzi za kaboni) uchanwe gripu kwa kisu chenye ncha ya ndoano, makali yakielekea nje. Kisu cha kawaida kikigusa nyuzi, mpini unakuja kuvunjika hapo hapo. Kwangua tepu yote ya zamani, bandika mpya ya kunata pande mbili, uache sentimita moja ipite mwisho wa mpini uikunjie ndani. Ziba tundu la juu la gripu, tia kimiminika cha kuvishia, tikisa, kimwage juu ya tepu, kisha sukuma kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati inaganda hapo. Nyoosha alama za gripu haraka kabla haijashika.

Kibichi: Kuhusu kutu, mkuu, angalia kwanza weji yako ni ipi. Isiyopakwa kromu hushika kutu kwa asili yake, na ile ya juu juu haina madhara. Hiyo ndiyo ya siki: loweka uso wa kichwa tu, siki isifike kwenye kipete cha plastiki (pale mpini unapoingia kichwani), ukague kila baada ya muda mfupi. Sugua kwa brashi ya nailoni, kwa kuwa waya unachubua. Suuza, kisha pangusa kwa maji yenye magadi soda, kijiko cha chai kwa kikombe kimoja, kuua asidi. Ukiruka hatua hii kutu inarudi upesi. Kausha papo hapo, malizia na tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa. Yenye kromu usiipe siki: inaingia pale kromu ilipochubuka. Sabuni, kukausha vizuri na mafuta vinatosha.

ShimoLa18: Na draiva (ile fimbo ya mpigo mrefu) niloweke pamoja na nyingine?

Kibichi: Hapana! Maji yanaweza kuingia kupitia skrubu za kurekebishia. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Hata ayoni (fimbo za kichwa cha chuma), maji yasiwe ya moto, maana joto hulegeza gundi ya epoksi inayoshika kichwa. Kwa sababu hiyo hiyo usizihifadhi kwenye buti la gari.

Mchangani: Kofia za vichwa vya fimbo nazo zikauke kabisa kabla ya kuvishwa. Na siku ya kurudi uwanjani, futa yale mafuta usoni mwa weji, la sivyo mpira hautashika mzunguko.